Sifa za Mtoto wa Mlangoni

Jumatatu, baada ya kuita majina, mwalimu wa darasa la pili alipangusa ubao kwa kitambaa kibichi, akausubiri ukauke, kisha akapiga mstari katikati. Kushoto akaandika SIFA. Kulia akaandika USHAHIDI. Juu kabisa, kwa chaki nyekundu aliyoificha mkobani ili walimu wenzake wasiiazime, akaandika maneno ambayo watoto walikwisha kuyahifadhi kichwani: HISIA SI SIFA.

Watoto walimwita Mwalimu Ushahidi. Alilijua jina hilo na lilimpendeza kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Darasani kwake hakuna aliyeruhusiwa kusema kwamba mhusika wa kitabuni ni mwoga, au mchoyo, au mwaminifu, mpaka aende mbele, aweke kidole kwenye picha, na kuonyesha mahali alipouona huo woga au uchoyo wenyewe. Jibu lisilo na kidole halikuwa jibu. Tena ilitakiwa iwe sifa kwelikweli. Mtu akilia, hiyo si sifa, kwa sababu atanyamaza. Akisikia njaa atakula, akichoka atalala. Sifa ni kile kinachobaki mtu akishapangusa machozi. Mtoto alipotaja kitu kisichobaki, darasa zima lilimjibu kwa sauti moja, "Inapita!" na yeye akarudi kukaa. Walimu wa shule za jirani walikuja kutazama somo lile, wakaenda kulijaribu kwao, likawashinda.

Kitabu chenyewe kilikuwa kile kikubwa cha kusimamishwa kwenye stendi, picha tele na maneno machache, habari za mwokaji mikate mnene na paka wake. Ukurasa wa tano ulionyesha duka la mikate asubuhi. Mwokaji yuko mezani, unga hadi viwikoni. Bibi kizee ameketi kwenye benchi anasubiri mkate wake. Paka amelala chini ya meza, paka ambaye kwenye ukurasa wa pili alikuwa analowa mvua nje, mwokaji akamfungulia. Nyuma kabisa kuna mlango ulioachwa wazi nusu, na mchoraji hakuweka mtu pale.

"Mwalimu, leo kuna mtu mlangoni," akasema Pengo.

Pengo alikuwa msichana wa dawati la mbele ambaye meno yake mawili ya mbele yalimtoka kwa pamoja, naye hakuona sababu ya kufunga mdomo kwa ajili hiyo.

Mwalimu akatazama. Mlangoni alisimama Dada, mtoto wa marehemu mdogo wake, anayeishi naye nyumbani kwake. Alivaa lile gauni lake la njano lililofumuka pindo. Alikuwa miguu mitupu, ndoo mkononi. Alichorwa kwa rangi za maji kama wenzake, na kivuli chake kililala upande uleule kilikolala kivuli cha mwokaji. Jambo la kwanza lililomjia mwalimu kichwani ni mapacha wake wadogo kule nyumbani wameachwa na nani.

"Vizuri," akasema. "Tumepata mhusika mpya. Sifa yake?"

"Amechoka," Pengo akasema.

"Inapita!" likajibu darasa.

"Ana njaa."

"Inapita!"

"Anaogopa kuingia."

"Inapita!"

Kijana wa dawati la dirishani, ambaye aliitwa Kiranja ingawa cheo hicho hakuwa nacho, alinyosha mkono kwa adabu. Akaja mbele, akaweka kidole kwenye ndoo. "Ni mchapakazi," akasema. "Ushahidi, amebeba ndoo."

Mwalimu akaandika mchapakazi kushoto na ndoo kulia. Watoto wakampigia Kiranja makofi. Kitabuni, Dada naye alitua ndoo yake chini akapiga makofi, kwani alidhani ndiyo desturi ya mahali pale kwa kila aliyepo.

Mwalimu alipofika nyumbani alimkuta uani, mikono imezama kwenye povu. Nguo za wiki nzima zilikuwa kambani. Mapacha walikuwa wamekaa kwenye mkeka wanagombania kijiko.

"Leo nimekuona darasani," akasema mwalimu.

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Hawa uliwaacha na nani?"

"Walilala. Nilifua, nikaanika, nikasugua masufuria. Nilipoona nimepata nafasi nikaingia."

"Umepitia wapi?"

Dada akaonyesha kwa kidevu. Karibu na mkeka, kifudifudi, kililala kitabu cha pili cha mwokaji, nakala ya shule ambayo mwalimu aliileta nyumbani jalada lilipong'oka, mapacha wachezee.

"Umekanyaga kurasa na hiyo miguu yako?"

"Niliosha kwanza."

Mwalimu akakiokota kitabu, akaukagua ukurasa wa tano. Ulikuwa safi. Hakuona la kumgombeza, na hilo likamuudhi kidogo.

"Haya. Kazi kwanza. Ukimaliza, ingia. Ila mapacha wakilia urudi upesi, na usiwasumbue waliomo."

"Na muhula ujao nitaingia kwa mlango wa shule?"

"Muhula ujao si bado haujafika?"

Dada akasema ndiyo, haujafika, akaendelea kusuuza.

Hapa lazima isemwe kwamba mwalimu hakuwa mwongo. Mdogo wake alipokuwa kitandani siku zile za mwisho alimshika kiganja akamwambia, "Dada yangu, mtoto wangu asome," naye akajibu, "Atasoma," na alimaanisha. Hakutaja lini, na marehemu hakuuliza. Kisha mapacha wakazaliwa. Kisha mapacha wakaugua surua. Kisha mume wake, dereva wa lori anayekuja nyumbani kuoga na kulala, akasema msichana wa kazi atawatoa roho kwa mshahara na mtoto yupo pale pale. Mapacha walipoanza kusema walimwita Dada, nyumba nzima ikafuata, na jina lake lingine likawa linatajwa zahanati tu. Alikuwa na miaka minane. Watoto wa umri wake walikuwa darasa la pili.

Usiku ule, akimtazama anavyolala sakafuni huku pacha mmoja kamwekea mguu shingoni, mwalimu alishikwa na huruma, huruma ya kweli kabisa. Alisimama mlangoni akaisubiri. Ikapita.

Basi ikawa hivyo. Siku nyingi, kuanzia kipindi cha pili, Dada alitokea ukurasa wa tano. Mwalimu hakuwa na haja ya kuuliza mambo ya nyumbani tena, maana aliyaona pale pale. Gauni likiwa limelowa tumboni, vyombo vimeoshwa. Akichelewa, pacha mmoja ana homa. Siku moja alitokea na pacha mgongoni, naye pacha akafundishwa somo zima amelala, na Kiranja akapata sifa nyingine, mlezi mwema, ushahidi mbeleko.

Waliomo kitabuni hawakumwona msumbufu. Bibi kizee alisogea kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja mdogo, lakini Dada hakukaa, kwa sababu hakuna aliyemwambia akae. Mwokaji alianza kukata mkate wake wa kwanza na kuacha kipande pembeni mwa meza, karibu na mlango. Darasa likianza kilikuwepo, mwisho wa somo hakikuwepo. Tena mwokaji alimwachia sehemu ya meza yenye unga bila mikate, na hapo Dada akajifunza kuandika. Kila mwalimu alichoandika ubaoni, Dada alikiandika kwa kidole kwenye unga, akakifuta kwa kiganja, akaandika kingine. S yake ilitazama nyuma kwa muda, kisha ikageuka.

Baada ya muda mwalimu aligundua kwamba mashavu ya Dada yamejaa. Akafikiri, akakumbuka kipande cha mkate. Kuanzia jioni ile, wakati wa kupakua, kijiko kilichokuwa cha Dada kikarudi sufuriani.

"Wewe unakula kitabuni," akamweleza, kwa roho safi. "Hapa tutakula wengine."

Mashavu yakarudi yalivyokuwa.

Tatizo lilikuwa mkono. Dada alikwisha kuelewa kwamba anayetaka kusema hunyosha mkono, na sasa aliunyosha kila swali lilipoulizwa, wima, bega limegusa sikio. Mwalimu alichagua kushoto, akachagua kulia, akachagua dirishani. Mwokaji alikuwa ameacha kukanda unga ili asimzibe.

"Mwalimu, yule naye amenyosha mkono," akasema Pengo siku moja. "Tena amenyosha kabla ya Kiranja."

"Hayumo kwenye rejista."

"Mbona anajua? Ameandika jibu. Ameandika kwenye unga, lile pale."

"Anayejua na asiyejua, rejista ndiyo inayosema nani nimuulize. Kaa."

Pengo akakaa, ila wakati wa mapumziko hakutoka kucheza. Watoto waliporudi, ukurasa wa tano ulikuwa na dawati. Lilichorwa kwa penseli, karibu na mlango, miguu haikulingana na kiti kilikuwa kirefu upande mmoja kuliko mwingine, lakini lilikuwa dawati, na Dada alikuwa amelikalia. Viwiko vilikuwa juu yake. Ndoo ilikuwa chini, imesukumwa mbali kidogo kwa mguu. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kuja hakuwa anatazama nyuma yake kusikiliza kama mapacha wanalia, na kwenye uso wake kulikuwa na furaha ambayo hata watoto wa nyuma waliiona.

Mwalimu hakupiga kelele. Kuandika kwenye kitabu cha shule ni kosa, na kosa hilo limeandikwa kwenye ukuta wa ofisi kwa rangi ya mafuta. Akatoa raba.

Alianza kufuta miguu ya dawati, wa kushoto, wa kulia. Dada alishika ubao wa dawati kwa mikono miwili. Mwalimu akafuta ubao. Kikabaki kiti, na kiti hakikuwa na kitu cha kukishikilia, lakini Dada aliendelea kukikalia, magoti pamoja, mkono juu, mpaka raba ilipofika chini yake. Akaanguka. Ndoo ikapinduka ikamlowesha. Mwalimu akapuliza vumbi la raba kwenye ukurasa, akalipangusa kwa ukingo wa kiganja.

"Haya, nani atatupa sifa ya Pengo?" akauliza.

"Mharibifu," darasa likasema. Ushahidi walikuwa nao, penseli.

Pengo akafagia darasa wiki nzima. Alifagia akisonya, na kila alipopita kwenye stendi alikiegemea kitabu kwa bega, kama mtu anayempisha mwenzake kwenye kichochoro.

Kisha ikaja habari ya mkaguzi. Mwalimu mkuu alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwambia kwamba nafasi ya mwalimu mkuu msaidizi iko wazi, na kwamba mkaguzi anakuja kulitazama somo lake, tena lile la sifa, ambalo huko juu wamelisikia. Mwalimu akatoka ofisini anatembea polepole ili asionekane anakimbia.

Nyumbani alimpa Dada suti yake ya kijivu ainyooshe. Dada alipokuwa kwenye mkono wa pili wa koti, pacha mmoja alivuta waya, pasi ikamwangukia Dada mkononi, chini ya kiwiko. Mwalimu aliposikia alitoka mbio hadi uani, akalichukua koti, akaligeuza mbele na nyuma kwenye mwanga. Halikuungua. Akashusha pumzi, akamwambia Dada atie mkono kwenye maji.

"Kesho usije," akasema. "Kuna mgeni mkubwa."

"Ni yule anayeandikisha watoto?" Dada akauliza. Mkono ulikuwa ndooni. "Pengo alisema yuko mtu akisema mtoto aingie, anaingia."

"Pengo ana midomo mingi na meno machache. Usije."

Asubuhi mapacha waliogeshwa mapema kuliko kawaida na uji ulikuwa mezani kabla ya jua. Mwalimu angejua hapo. Ila alikuwa anatazama suti yake kwenye kioo.

Mkaguzi alikuwa mzee mwembamba, mpole, aliyewaamkia watoto kabla hawajamwamkia. Akapewa kiti mbele. Mwalimu alipanga kuruka kutoka ukurasa wa nne hadi wa sita, lakini mkaguzi alipenda paka, na akainuka mwenyewe kumtafuta, akafungua wa tano.

Dada alikuwa mlangoni. Alikuwa amechana nywele kwa maji. Pindo la gauni lilishonwa kwa uzi mweusi, uzi pekee uliokuwemo nyumbani. Mkono mmoja aliunyosha juu, ule ulioungua, kwa hiyo jeraha lilikuwa pale mbele ya watu wote, jekundu na linang'aa, mchoraji hakulionea haya. Hakumtazama mwalimu. Alimtazama mkaguzi tu.

Mwalimu aliogopa. Lakini somo huendeshwa kama somo, akauliza, "Sifa yake?"

"Ameungua," mmoja akasema.

"Inapita!"

Mkaguzi akatabasamu, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

"Anataka kuingia," akasema mwingine.

"Inapita!"

"Mvumilivu," akasema Kiranja, akaja mbele akaweka kidole kwenye jeraha lenyewe. "Ushahidi, ameungua na halii."

Makofi. Mkaguzi naye alipiga. Kisha akainama kitabuni mpaka pua ikakaribia unga. "Na mtoto huyu anakaa kwa nani?" akauliza. "Maana ana ndoo. Ndoo hupewa na mtu."

Pengo alitoka dawatini bila kuitwa. Alipitisha kidole kwenye ukurasa, juu ya mwokaji, juu ya bibi kizee, juu ya paka. Hakusimama kwa yeyote. Akauacha ukurasa, akatembea hatua chache, akakiweka kidole kwenye mkono wa koti la kijivu.

"Kwa huyu," akasema.

"Sifa yake?" mkaguzi akauliza, kwani ndivyo somo linavyokwenda.

"Katili."

"Ushahidi?"

Pengo akarudi kitabuni, akagusa jeraha, taratibu, kwa ncha ya kidole. Mkaguzi akavaa miwani. Akatazama muda mrefu, kwa haki, kama mtu anayeijua kazi yake.

"Naona jeraha," akasema. "Pasi siioni. Mkono ulioishika siuoni. Mwanangu, nionyeshe kwenye picha."

Pengo akatafuta. Alitafuta chini ya meza, nyuma ya tanuri, kwenye ufa wa mlango. Mwalimu alimtazama anavyotafuta na woga ukaanza kumtoka, mahali pake pakaingia kitu kingine, na kilikuwa fahari. Hakuwahi kuliona somo lake likiendeshwa vizuri namna ile na mtu mwingine.

"Haimo," Pengo akasema mwishowe.

"Basi hatuwezi kusema hivyo," mkaguzi akamwambia, na akamshika kichwa kumfariji.

Kiranja alikuwa amekwisha kusimama. Kidole chake kilikuwa kwenye paka. "Mwokaji alimpa paka nyumba, tukaandika mkarimu," akasema. "Mwalimu amempa mtoto nyumba. Mwalimu ni mkarimu."

Makofi yakawa makubwa kuliko yote ya siku ile. Pengo hakupiga. Na kitabuni Dada hakupiga, maana mkono wake mmoja ulikuwa bado juu na hakutaka kuushusha, asije akadhaniwa hana la kusema.

Watoto walipotoka, mkaguzi alibaki ameshika kalamu. "Ni wako?"

"Wa marehemu mdogo wangu, mzee."

"Umri wake ni wa shule."

"Anakuja shule, mzee. Kila siku, kama unavyomwona. Hata leo na mkono huo hakukosa."

Mkaguzi akautazama ukurasa. Dada alisimama kwa vidole vya miguu. Mkono ulinyoka mpaka mwisho, mdomo ulikuwa wazi, na kwenye unga, kwa herufi kubwa, kila moja ikitazama upande wake sawasawa, aliandika jina lake, lile la zahanati.

"Mwandiko mzuri," akasema mkaguzi. "Kweli hakosi. Wangapi wako kwenye rejista na hatuwaoni." Akaandika. Kabla hajaondoka alishauri kitabu kitiwe plastiki, kwa sababu kinatumika sana na itakuwa hasara kikichakaa.

Kikatiwa plastiki, kila ukurasa. Siku za baridi ukungu mdogo ulionekana kwenye ukurasa wa tano, mbele ya mdomo wa Dada, na mtoto wa zamu aliupangusa.

Mwalimu akapata cheo. Darasa la pili hakuliacha, aliomba abaki nalo, na watu wakasema ana moyo. Pengo alifaulu akaenda darasa la tatu na meno mapya. Kitabu hakikwenda naye, kwa kuwa ni kitabu cha darasa la pili. Kwa muda alikuwa akisimama dirishani wakati wa mapumziko, anapunga mkono kuelekea stendi, kisha akaenda la nne, madirisha ya la nne yanatazama barabarani.

Miaka ilikwenda. Dada alikuwa akimaliza kazi na kuingia. Habari za muhula ujao alikuwa ameacha kuuliza, ila mkono aliunyosha. Alijua kusoma kila neno la kitabu kile na kila neno lililowahi kuandikwa kwenye ubao ule, na mwalimu alipokwenda kaburini kwa mdogo wake kupalilia, alimwambia kwa macho makavu kwamba mtoto anasoma, na haukuwa uongo. Kitu kimoja tu mchoraji hakukifikiria. Mlango ule aliuchora wa kumtosha mtoto wa darasa la pili, na dari ya duka ilikuwa chini, ikakatwa na ukingo wa karatasi. Dada akawa mrefu. Akafika kwenye dari kwa nywele, kisha kwa kisogo, kisha kwa mabega.

Mapacha walipofika umri wa shule waliandikishwa siku ya kwanza, sare mpya, viatu vyeusi ambavyo Dada alivipaka rangi mpaka vikaonyesha sura yake. Walisoma la kwanza, wakapanda la pili. Wakakaa dawati la mbele.

Jumatatu, baada ya kuita majina, mwalimu alipangusa ubao, akapiga mstari, akaandika alichoandika siku zote. Akafungua ukurasa wa tano. Dada alikuwa amefika, gauni limelowa tumboni. Uti wa mgongo ulikuwa umepinda chini ya ukingo wa karatasi, shingo imelala begani, na mkono uliokuwa juu ulijikunja kwenye kiganja kwa kukosa mahali pa kwenda. Mwokaji alikuwa ameisogeza meza hadi ukutani kumpa nafasi, na bado haikutosha.

"Huyu wa mlangoni," akasema mwalimu. "Sifa yake?"

"Amebanwa," mtoto mmoja mgeni akasema kutoka nyuma.

"Inapita!" likajibu darasa, na mgeni akajifunza.

Pacha wa kike alinyosha mkono. Mwalimu akamchagua, kwa kuwa yumo kwenye rejista. Akaja mbele, nywele zake zimesukwa vizuri asubuhi ile na mtu mwenye mikono mepesi, akaweka kidole kwenye mgongo wa Dada, pale palipopinda zaidi.

"Mnyenyekevu," akasema.

"Ushahidi?"

"Ameinama."

Mwalimu akaandika, kushoto na kulia. Watoto wakapiga makofi, pacha akarudi kukaa karibu na mwenzake. Kengele ya kipindi ilikuwa bado kidogo, kwa hiyo mwalimu akageuza ukurasa.